Stika za Maji, Siki na Ndege ya Mzee

Najua nimeadimika mno hapa kibarazani, na wale wachache walioniandikia kuuliza kama bado nipo hai nawashukuru kwa dhati. Nipo. Desemba nilikwenda nyumbani Tanga, nimerudi, na baridi ya Oxford imenipokea vile vile nilivyoiacha. Leo siandiki habari za viza wala bei za tiketi. Leo nataka kuwasimulia habari za stika.

Msicheke kwanza. Wenzangu tuliosoma shule ya msingi miaka ya themanini mnazikumbuka zile picha za kwenye bigijii: unalamba mkono, unabandika karatasi, unasugua, ukibandua picha imehamia kwenye ngozi. Basi mafundi wa modeli, yaani watu wanaounda ndege, meli na magari madogo ya plastiki, wana ndugu yake na picha zile. Wenyewe huziita dikali, mimi naziita stika za maji. Ni karatasi iliyopakwa gundi inayoyeyuka majini, juu yake kuna utando mwembamba usio na rangi, na juu ya utando ndipo palipochapwa herufi, bendera au madirisha. Ukiilowesha, gundi inalegea, na ule utando pamoja na maandishi yake unateleza kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye ndege yako.

Kwa maneno ni kazi ya dakika moja. Mimi ilinichukua miezi, na nusura nilie, mtu mzima na ndevu zangu.

Nianze na mzee.

Baba yangu alikuwa fundi rangi wa East African Airways, kwenye karakana za Embakasi, Nairobi. Aliingia 1969, kijana wa miaka 21. Kwa mliozaliwa juzi: shirika hilo lilianza kuruka 1946, na baada ya uhuru likawa la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Fahari yake ilikuwa Super VC10, ndege ya Kiingereza yenye injini nne zilizofungwa zote nyuma karibu na mkia, na bawa la mkia limekaa juu kabisa kama herufi T. Vickers waliiunda makusudi kwa viwanja vyenye joto na vilivyo juu, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege nzito hupata taabu kupaa. Shirika lilinunua tano. Moja, 5X-UVA, ilipata ajali Addis Ababa Aprili 1972. Zikabaki nne, na usajili wake ulikuwa umegawanywa kama mkate wa nyumba moja: 5Y-ADA ya Kenya, 5X-UVJ ya Uganda, na za Tanzania mbili, 5H-MMT na 5H-MOG.

Hiyo 5H-MOG ndiyo ndege ya mzee. Ilifika 1970, na ndiyo VC10 ya mwisho kutoka kiwandani kati ya zote 54 zilizoundwa. Kila ilipoingia karakana na rangi ikahitaji kurudiwa, anasema herufi zake alizirudia yeye. Hamruhusu mtu kubishana juu ya hilo.

1977 shirika likafa, Jumuiya ikafa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mzee alirudi Tanga na sanduku la bati lenye brashi zake. Sisi wanawe tulimkuta akiandika vibao vya maduka na majina ya mabasi, na kazi yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kumshikia kopo la rangi. Alikuwa na tabia moja. Rangi ikishakauka, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya maandishi, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu. Ukucha ukikwama anakunja uso, anachukua msasa. "Herufi ni ya macho, si ya kidole," alikuwa akituambia. "Kidole kikiisikia, na upepo utaisikia."

Sasa tuje Uingereza. Mimi nilifika Oxford 2004. Miaka ya mwanzo nilikuwa nafanya usafi wa ofisi mji wa jirani, Witney, naondoka na basi la alfajiri. Karibu na Witney kuna Brize Norton, kituo kikubwa cha Jeshi la Anga la Uingereza. Asubuhi nyingi nikisubiri basi la kurudi nilizoea kuona ndege ya kijivu, mkia wa T, injini nne nyuma, inapita juu kwa kelele za kutisha. Naziba masikio, inapita, napanda basi langu. Sikuwahi kumtajia mzee. Ndege za jeshi zinanihusu nini mimi?

2016 mzee aliniuliza kwenye simu, eti hizi VC10 zetu ziliishia wapi. Nikaingia kwenye intaneti kutafuta. Zile nne zilirudishwa Uingereza baada ya shirika kufa, jeshi likazinunua, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MOG ikapewa namba mpya, ZA150. Maskani yake yakawa Brize Norton. Ilipaa mara ya mwisho Septemba 2013, ikatua Dunsfold, Surrey, ihifadhiwe.

Yaani ndugu zanguni, miaka tisa nilikuwa naishi chini ya ndege ya baba yangu na sikujua.

Nilipomwambia alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Herufi zetu walizifuta?"

Nikamjibu, "Ndiyo baba, walizifuta."

Siku ile nilijiapiza nitamuundia ndege yake, na herufi nitazirudisha. Lakini mnayajua maisha ya huku. Zamu za usiku, watoto, kodi ya nyumba. Mwaka ukaenda, ukaja mwingine. Hadi mwaka jana mdogo wangu aliponipigia kutoka Tanga: kaka, mzee presha ya macho imemzidi, jicho moja limekwisha, la pili linaona mwanga na vivuli tu. Nikahesabu siku za likizo. Nikakata tiketi ya Desemba.

Plastiki haikuwa tabu. Nilipata sanduku kuukuu la Super VC10, skeli ya 1 kwa 144, ndege ikikamilika ina urefu wa sentimita 36 hivi. Tatizo lilikuwa stika. Za kwenye sanduku zilikuwa za BOAC. Za East African nilizipata kwa mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anauza mali zake za modeli. Karatasi moja tu, ya zamani, imegeuka rangi ya chai. Ndani yake zile ndege nne zote, kila moja na namba zake za kushoto na za kulia. Akaniambia hana nyingine.

Manjano yale yana dawa rahisi: unaitia karatasi kwenye mfuko wa plastiki, unaibandika kwenye kioo cha dirisha linalopata jua. Jua linaifubaza manjano. Nyumbani Tanga ingekuwa siku chache. Hapa Oxford, Julai, ilichukua wiki tatu za kuviziana na mawingu, lakini ikasafika.

Na hapo nikafanya ujinga. Kwa furaha nikakata 5H-MOG ya upande wa kushoto, nikaitumbukiza kwenye maji ya vuguvugu. Sekunde kumi, ishirini. Nikaigusa kwa brashi. Ikapasuka kama ganda la yai. Ile 5 ilikuwa vipande vitatu, H na M sikuweza hata kuvihesabu vipande vyake, vinaelea kwenye sahani ya chai. O na G tu ndizo zilizobaki nzima.

Nilikaa pale mezani sijui muda gani. Mama watoto akaja, akatazama sahani, akanitazama mimi, akaenda kuchemsha maji. "Kunywa chai kwanza," akasema. Hakuongeza neno.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba ule utando unazeeka. Unakauka, unakuwa mgumu, na maji yakiulegeza kutoka kwenye karatasi hauna tena cha kuushikilia. Kwa hiyo stika ya zamani haitumbukizwi majini kabla ya kujaribu kipande usichokihitaji. Ikipasuka, unaipaka karatasi yote dawa ya kutengeneza utando mpya, Microscale wanaiuza kwenye kichupa, unaiacha ikauke usiku kucha. Lakini sasa utando mpya umefunika karatasi nzima, kwa hiyo kila herufi lazima uikate kwa wembe ukiizunguka karibu kabisa. Herufi zenyewe ni za milimita chache.

Nikazipaka, na zile O na G mbili nilizoziokoa nikazipaka pia. Nikajaribu kwa J ya Uganda. Ikatoka nzima.

Halafu nikaanza kukopa. 5 nikaichukua kwa Uganda, kwenye 5X-UVJ. H na M nikazichukua kwa dada yake, 5H-MMT. Kile kistari cha katikati nikakiazima Kenya, kwenye 5Y-ADA. Nchi zote tatu zikachanga ili herufi za mzee zipatikane. Nilicheka peke yangu saa saba za usiku.

Sasa nisikilizeni wale mnaopenda kazi za mikono, maana hapa ndipo penye siri. Stika haibandikwi juu ya rangi isiyong'aa. Rangi ya namna hiyo kwa macho ni laini, lakini ukweli ni kwamba ina vinundu vidogo vidogo kama sakafu ya saruji. Stika inakaa juu ya vinundu, hewa inabaki chini yake, na ikikauka unaona utando unang'aa kama fedha kuzunguka kila herufi. Basi kwanza unapulizia vanishi ya kung'aa, inakuwa kama kioo, ndipo unaanza.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, Micro Set, ina kibandiko cha bluu. Unaipaka mahali stika itakapokaa. Inanuka siki, na ni kweli ina asidi ya siki ndani yake. Inasafisha mahali, inailegeza stika kidogo na kuisaidia kushika. Unatelezesha herufi juu yake, unaisogeza kwa ncha ya brashi mpaka imekaa sawa, unanyonya maji kwa pamba ya masikio, kutoka katikati kwenda pembeni.

Ya pili, Micro Sol, ina kibandiko chekundu, na hiyo ndiyo yenye ukali. Unaipaka juu ya stika yenyewe. Inaulainisha utando mpaka unakuwa hauna nguvu yoyote, unalala juu ya ndege na kuingia kwenye kila mfereji na kila kinundu, kana kwamba herufi imepakwa kwa rangi.

Lakini kabla ya kulala, inakunjamana. Hakuna aliyenionya vya kutosha. Dakika moja tu baada ya kupaka, H yangu ilijikunja kama ngozi ya vidole vilivyokaa sana majini. Mkono ukaniruka kwenda kuinyoosha. Na ukiigusa wakati ule umekwisha, maana iko laini kama utando wa maziwa, inakatika au inanata kwenye brashi. Kazi yako wakati ule ni kuweka brashi chini na kuondoka. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vyote, hata visafi. Niliporudi H ilikuwa imelala bapa, imenyooka.

Nilifikiria sana usiku ule habari za miaka niliyokuwa nampigia mzee simu kila jambo linapoharibika nyumbani, kutuma hela, kutoa maagizo, kunyoosha mambo kutoka maili elfu kadhaa. Mengi yalikuwa yatajinyoosha yenyewe.

Ikabaki kazi ya ukucha. Stika hata ikilala vizuri ina ukingo, na zangu zilikuwa zimeongezwa utando kwa hiyo ni nene kuliko kawaida. Dawa ya ukingo ni vanishi na subira. Unapulizia vanishi, unaacha siku mbili, unasugua kwa msasa laini namba 2000 uliolowa maji, unapulizia tena, unasugua tena. Mara nne. Vanishi inajaza pembeni mwa herufi mpaka juu na chini panakuwa sawa.

Siku moja binti yangu wa miaka 12 alinikuta nasugua. Akauliza, "Baba, si babu haoni?"

"Haoni."

"Sasa kwa nini unazilainisha? Si uziache zinyanyuke, azisome kwa kidole?"

Niliweka msasa chini. Alikuwa na haki, yule mtoto. Kama haoni na hasikii kitu kwa kidole, namletea nini? Ndege nyeupe tupu. Nikakaa na swali lile siku mbili. Lakini kila nilipomfikiria mzee akipitisha ukucha na ukucha ukakwama, niliuona uso wake ukikunjika. Sikuweza. Nikaendelea kusugua.

Upande wa kulia ulitoka safi kabisa. Wa kushoto, ule wa kuungaunga, kile kistari cha Kenya kilibaki na ukingo. Nilikuwa nimekikata vibaya kidogo. Kukisugua zaidi kungekula H iliyo jirani. Nikakiacha. Kwa macho hakionekani, na sikumwambia mtu.

Ndege ilisafiri kwenye boksi la viatu, imezungushiwa fulana, mikononi mwangu hadi Dar, halafu basi hadi Tanga nimeipakata.

Mzee alikuwa barazani, kiti chake kile kile. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, umefika?" Amekonda. Anageuza kichwa kufuata sauti. Baada ya chakula nikamwekea ndege mapajani, sikumwambia ni nini.

Akaishika kwa mikono miwili. Akapanda na kidole mpaka kwenye mkia, akafika kwenye lile bawa la juu, akasimama. Akashuka chini yake. Moja, mbili. Akageuza. Tatu, nne.

"Hii VC10," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ipi?"

Kabla sijajibu, kidole gumba kilishaanza safari. Upande wa kulia, taratibu, mbele kwenda nyuma. Akapita juu ya herufi bila kusimama. Akarudia. Nikamshika kidole nikakiweka pale. "Hapa baba. 5H-MOG."

Akapitisha ukucha. Mara moja, mara ya pili.

"Hapa hamna kitu," akasema.

Moyo wangu ulishuka. Nikamkumbuka binti yangu. Nilikuwa natafuta neno la kusema, mzee akaongeza polepole, kama anayezungumza na nafsi yake: "Hamna kitu kabisa." Na usoni akatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona tangu nikiwa mshika kopo. Ndipo nilipoelewa kwamba ananisifu.

Akaigeuza upande wa kushoto. Ukucha ukaenda, ukaenda, ukasimama.

"Hapa pana kitu."

"Wapi, baba?"

"Hapa. Umeunga."

Nikamweleza yote, sahani ya chai, herufi za kukopa, kile kistari kimetoka kwenye ndege ya Kenya. Alicheka mpaka akakohoa, mama akatoka ndani kuuliza kuna nini. "Hao Wakenya," alisema akijifuta machozi, "siku zote kazi yao lazima isikike." Na mimi nawaomba radhi wasomaji wangu wa Kenya, huyo ni mzee, ana marafiki zake huko wa miaka mingi, ana ruhusa.

Nilikaa wiki tatu. Ndege iliwekwa juu ya kabati la televisheni, lakini haikukaa huko. Kila mgeni aliyekuja ilishushwa. Mzee anampa aipapase upande wa kulia, anamwambia hapa ndipo zilipo, husikii kitu, si ndiyo? Kisha anaigeuza kushoto, ukucha wake unakwenda moja kwa moja kwenye kile kistari, na kutoka pale anazisoma zote: nyuma yake 5H, mbele yake MOG.

Siku ya kuondoka nilimwambia naweza kuichukua nikakisawazishe, nimrudishie safari ijayo.

"Kiache hivyo hivyo," akasema.

Basi hayo ndiyo yaliyoniweka kimya. Anayetaka kuanza kazi hii, nimeshawaambia makosa yangu, msiyarudie: jaribuni kwanza kipande msichokihitaji, na stika ikikunjamana, nendeni mkaoshe vyombo. Tuonane tena panapo majaliwa.